Kwangu nyimbo zote za banjo ni wimbo mmoja: nianze na albamu ipi?

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na huu ni mwaka wa tano niko Lexington, Kentucky, pamoja na familia. Nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mashine zinanguruma mpaka asubuhi. Wenzangu kazini wanapenda bluegrass kupita kiasi. Binti yangu wa miaka 13 naye ameanza fidla shuleni na sasa hataki kusikia kingine. Ili nimfuate, nikanunua Highway Prayers ya Billy Strings nikaisikiliza yote garini nikienda kazini. Kusema kweli, niliona ni wimbo mmoja tu: kelele za banjo, mbio, hakuna ngoma. Nimekulia kwenye rumba, sikudhani ningeshindwa na muziki wa magitaa. Kila wiki wenzangu wananitajia albamu mpya, mara bluegrass, mara Americana, mara muziki wa asili, sioni tofauti. Je, nianze na za zamani au hizi mpya? Nitajuaje ipi inastahili pesa yangu? Tena kanisani kwetu mmoja anasema huo ni muziki wa wazungu wa milimani, tunajipendekeza bure. Mwingine anasema banjo ilitoka Kongo, kwa hiyo ni mali yetu. Nani mkweli? Na siku hizi nikitoka kazini masikio yanavuma. Labda ndiyo sababu banjo inanikera.*

Marahaba, ndugu yangu. Umenipa maswali mengi ndani ya barua moja na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio uliouandika. Hilo la masikio kuvuma umeliweka mwishoni kama jambo la kupita tu. Kwangu ndilo zito kuliko mengine yote, na nitalifikia. Tafadhali usiache kusoma kabla ya kufika hapo.

Kwanza nikutoe wasiwasi: mtu aliyekulia rumba ana masikio ya kutosha kabisa kwa bluegrass, muziki huo wa Marekani wa banjo, fidla, mandolini na magitaa. Ulichokosa ni mahali pa kuyaelekeza. Kwenye rumba unajua pa kushika. Mwimbaji anakuongoza, snea, ile ngoma ya mlio mkavu, inakuonyesha njia, kisha sebene, sehemu ya kucheza, inafunguka na gitaa la solo linaanza kusema. Huku drams hakuna, na mwimbaji mara nyingi anaimba ubeti na kiitikio, halafu anampisha mwenzake mwenye ala. Ukikaa unamsubiri mwimbaji akushike mkono, au unazisubiri ngoma, zitakupita dakika nne na mkononi huna kitu. Halafu wimbo unaofuata nao hivyo hivyo. Ndiyo maana zote zikawa mmoja.

Kazi ya drams ipo, ila wapigaji wa nyuzi wamegawana. Besi ile kubwa ya kusimama inapiga pigo la kwanza na la tatu. Mandolini, ala ndogo ya nyuzi mfano wa gitaa, inajibu kwenye la pili na la nne kwa mkato mkavu: mpigaji anagonga nyuzi kwa mpigo mmoja na papo hapo analegeza vidole vya mkono wa kushoto ili sauti ife. Du-cha, du-cha. Du ndiyo besi dramu yao, na cha ndiyo snea yao. Mimi nimepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, na siku nilipousikia mkato ule nikiwa na mtu wa kunionyesha, niliitambua kazi yangu mwenyewe: kumshikia mwenzako mahali ili yeye aweze kuruka na kutua salama.

Sasa hiyo banjo inayokukera. Mpigaji amevaa kucha za bandia kwenye vidole vitatu: gumba, shahada na cha kati. Vidole hivyo havipigi kwa pamoja, vinazunguka kwa zamu bila kusimama, noti nane nane. Earl Scruggs wa North Carolina, aliyejiunga na bendi ya Bill Monroe, anayeitwa baba wa bluegrass, mwezi Desemba 1945, ndiye aliyeunyoosha mtindo huu mpaka ukawa sheria. Kwao vidole vitatu vilikuwapo kabla yake, lakini hakuna aliyekuwa na usafi ule. Ndani ya noti hizo nane, ni chache tu zinazobeba tuni. Zilizobaki ni za kujaza, kama maji yanayozunguka mawe mtoni. Mzoefu anayasikia mawe. Mgeni anasikia maji tu, na maji matupu kwa saa nzima ni kelele kweli, sikulaumu.

Ila wewe una njia ya mkato ambayo wengi hawana. Gonga meza huku ukihesabu: MOJA mbili tatu, MOJA mbili tatu, MOJA mbili. Tatu, tatu, mbili, jumla nane. Mzunguko wa kawaida kabisa wa banjo huangukia hapo. Sasa kumbuka klave ya rumba yetu ya Kongo, ule mdundo unaorudiwa wimbo mzima, ile mipigo yake mitatu ya nusu ya kwanza. Ni hesabu ile ile. Sisemi bluegrass ilizaliwa na rumba, wala rumba na bluegrass. Nasema mwili wako unaijua hesabu hiyo tangu utotoni, kwa hiyo acha kuifukuza banjo kwa sikio, igonge kwa kidole kwenye goti. Utashangaa jinsi kelele inavyopangika.

Jambo jingine linalowapoteza watu wa kwaya, na nina hakika umepita kwaya, ni sauti. Kwenye kwaya zetu tumezoea tuni kubebwa na sauti ya juu kabisa, soprano, na wengine wanapangwa chini yake. Kwenye bluegrass tuni mara nyingi iko katikati. Juu yake inapandishwa sauti ya tenor, kali na nyembamba, na chini yake baritoni. Sikio lako linakimbilia ile ya juu, linaifuata kama tuni, halafu haliwezi kuikumbuka wimbo ukiisha. Haikuwa tuni. Isikilize sauti ya kati, utaondoka na wimbo mdomoni.

Fanya hivi kabla hujatoa senti nyingine. Chagua wimbo mmoja, mmoja tu, usio wa mbio sana. Usikilize mara tano. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, ya pili mkato wa mandolini, ya tatu mwimbaji wa kati, ya nne fidla. Mara ya tano usifuate chombo chochote, fuata makabidhiano: nani anampa nani wimbo, na wengine wanafanya nini anapopokea. Utasikia wanashuka wote, kama watu wanaosogea barazani mzee anapoingia. Makabidhiano hayo ndiyo bluegrass yenyewe. Albamu nzuri ni ile ambayo unaweza kuyasikia.

Kuhusu albamu uliyoanza nayo, umepanda mlima kwa upande wa mwinuko. Highway Prayers ilitoka Septemba 2024, ina nyimbo 20, na Billy Strings ameitengeneza na Jon Brion, mtayarishaji aliyezoea muziki wa aina nyingine kabisa. Ina bluegrass safi, ina nyimbo za taratibu za gitaa, ina pia michezo ya studio. Ni kazi kubwa, mimi naipenda sana. Lakini kuisikiliza yote kwa mkupuo, garini, kabla ya zamu ya usiku, ni sawa na mgeni wa harusi kupewa sinia zima peke yake. Ukimtaka mtu yuleyule kwa lugha nyepesi zaidi, tafuta Me/And/Dad ya mwaka 2022. Humo Strings amekaa na Terry Barber, baba wa kambo aliyemlea na kumfundisha gitaa huko Michigan, wanapiga nyimbo za zamani walizokuwa wakipiga nyumbani. Hakuna anayetaka kumshangaza mtu. Kwa mzazi mwenye mtoto anayejifunza fidla, hiyo ina neno la ziada, na sitakueleza, sikilizeni pamoja.

Baada ya hapo nenda kwa Arcadia ya Alison Krauss na Union Station, iliyotoka Machi 2025. Walikuwa hawajatoa albamu pamoja tangu Paper Airplane ya 2011, miaka 14. Krauss ni mpiga fidla na mwimbaji mwenye tuzo 27 za Grammy, lakini sikupeleki huko kwa ajili ya tuzo. Nakupeleka kwa sababu bendi yake inaacha nafasi. Jerry Douglas anapiga dobro, gitaa linalolazwa chali na kupigwa kwa kipande cha chuma, sauti yake inalia kama mtu. Kwenye muziki wa mbio mgeni haipati; pale inasikika kila pumzi. Baadhi ya wazee wa bluegrass wanalalamika kwamba bendi hii ni laini mno. Wana hoja yao. Kwa sikio linaloanza, ulaini huo ni huduma.

Na kwa mandolini, A Tip Toe High Wire ya Sierra Hull, Machi 2025 pia. Mwaka 2016 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa na chama cha kimataifa cha bluegrass, IBMA, kuwa mpiga mandolini bora wa mwaka. Mwaka uliofuata Molly Tuttle akawa wa kwanza upande wa gitaa. Mwambie binti yako hilo. Milango hiyo imefunguliwa juzi tu, na yeye anaingia ikiwa wazi.

Kuhusu kuanza na za zamani au mpya, nitakuwa mkweli kwamba walimu hawakubaliani. Wapo wanaosema anza na Bill Monroe, na rekodi zake za Septemba 1946 kule Chicago, yeye na Scruggs, Lester Flatt, Chubby Wise na Howard Watts. Ndiyo bendi iliyoweka umbo ambalo wote wanaliiga hadi leo. Hoja yao ni kwamba usipojua hizo hutaelewa wapya wanamjibu nani. Ni kweli. Lakini rekodi zile zilifanywa kwa vifaa vya wakati ule: besi inasikika kwa mbali, na ala zinabanana kwenye nafasi moja nyembamba ya sauti. Kwa mtu ambaye bado anatafuta nani ni nani, ni kama kuonyeshwa ndugu wa ukoo mzima kwa picha moja iliyofifia. Mimi humwambia mwanafunzi aanze na mpya zenye sauti safi, azitenganishe ala, kisha arudi 1946 baada ya miezi miwili. Akirudi, anasikia kila kitu, hata kile ambacho vifaa havikukishika vizuri. Kwa binti yako ni tofauti kidogo: yeye akianza kupiga na wenzake atakuta wote wanazijua nyimbo za Monroe na za Flatt na Scruggs kama sisi tunavyozijua nyimbo za kitabu cha kanisani. Kwa hiyo yeye asichelewe.

Majina ya aina za muziki yasikusumbue sana, ila yana maana. Bluegrass ni umbo lenye mipaka: ala zisizo za umeme, banjo ya vidole vitatu, makabidhiano, sauti zinazopangwa juu na chini, kwa kawaida bila drams. Jina, maana yake majani ya buluu, halikutoka kwenye majani ya huko kwenu moja kwa moja. Lilitoka kwenye bendi ya Monroe, Blue Grass Boys, naye alikuwa wa Rosine, magharibi ya Kentucky, nje ya lile eneo la malisho linalozunguka Lexington. Aliazima jina la fahari ya jimbo lake. Ukitoka kwenye umbo hilo unaingia uwanja mpana ambao wauzaji wanauita Americana au muziki wa asili, na huko kila mtu yupo.

Chukua Woodland ya Gillian Welch na David Rawlings, Agosti 2024. Ina magitaa ya mbao na sauti mbili zilizozeeka pamoja, na imepewa jina la studio yao ya Nashville iliyoezuliwa paa na kimbunga cha Machi 2020. Ni albamu ya kukaa nayo usiku, na ilitwaa Grammy. Lakini si bluegrass, na ukiitafutia makabidhiano utadhani umekosea tena. Molly Tuttle mwenyewe alitoa Crooked Tree mwaka 2022 na City of Gold 2023, zote bluegrass, zote zikashinda Grammy. Kisha Agosti 2025 akaja na So Long Little Miss Sunshine, yenye drams na harufu ya pop. Mtu yuleyule, vidole vilevile, aina nyingine. Hakuna usaliti hapo. Ila ukiinunua ukitaka banjo ya mbio, utaona umeibiwa, kumbe kosa ni la kutosoma.

Ndiyo maana nakushauri usome kabla ya kulipa. Tangu Julai 2015 albamu mpya karibu duniani kote hutoka siku ya Ijumaa, ndiyo sababu wenzako wanakuja na jina jipya kila wiki. Hakuna anayeweza kuzifuata zote, hata mimi ambaye ni kazi yangu. Angalia orodha ya wapigaji, maana kwenye muziki huu jina lililo kwenye jalada ni nusu ya habari. Ukishampenda mpiga fidla mmoja, mfuate popote alipoalikwa, atakupeleka kwenye albamu tano ambazo usingezijua. Angalia pia kama walirekodi pamoja chumba kimoja au kila mtu kwa siku yake na vipande vikaunganishwa baadaye. Njia zote mbili zinatoa kazi nzuri, sitaki kukudanganya, lakini ile ya chumba kimoja ina kitu ambacho mtu wa dansi atakitambua mara moja: mtu anakosea kidogo na wenzake wanamfunika. Jihadhari na jambo moja zaidi. Kampuni nyingi huachia wimbo mmoja mmoja miezi kadhaa kabla, kwa hiyo albamu “mpya” inaweza kuwa na nyimbo nne au tano ambazo tayari umezisikia redioni.

Pesa yako ilinde hivi: sikiliza kwanza kwenye simu, au azima kwenye maktaba ya umma ya mji wenu, ni bure. Iliyokushika mara tatu, inunue. Ukiweza, inunue mkononi mwa wanamuziki wenyewe wanapokuja kupiga, kwenye meza ile ya pembeni ya jukwaa. Wengi wa hawa si matajiri. Wanasafiri na gari moja, na mauzo ya meza ile ndiyo mafuta ya kufika mji unaofuata.

Sasa kanisani. Ndugu zako wote wawili wameshika ukweli kwa ncha tu.

Anayesema banjo ilitoka Kongo, mwambie asogee kaskazini-magharibi. Banjo za mwanzo zilitengenezwa na Waafrika waliokuwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Marekani, kuanzia karne ya 17: kibuyu, ngozi juu yake, mti wa kupitisha nyuzi, na uzi mmoja mfupi wa gumba. Ndugu wa karibu wa chombo hicho wako Afrika Magharibi. Akonting ya Wajola wa Senegambia, yaani eneo la Senegal na Gambia, ina kibuyu, ngozi na uzi mfupi wa gumba vilevile, na inapigwa kwa kushusha ukucha kwa namna inayofanana sana na banjo ya kizamani ya milima ya kusini. Watu wa Kongo na Angola walikuwamo kwa wingi katika misafara hiyo ya mateso na waliacha alama zao kwenye muziki wa Marekani, lakini kwa chombo hiki ushahidi wa kibuyu na uzi unaelekea Gambia. Tuseme kilicho kweli, hakitupunguzii heshima.

Anayesema ni muziki wa wazungu wa milimani, muulize kwa nini anaamini hivyo. Jibu liko kwenye biashara. Miaka ya 1920 kampuni za rekodi ziligawa soko kwa rangi: weusi wakarekodiwa bluzi na kuuzwa kwa weusi, weupe wakarekodiwa fidla na banjo na kuuzwa kwa weupe. Bendi nyingi za weusi za fidla na banjo hazikuingia studio kabisa, na kisichorekodiwa husahauliwa. Bill Monroe mwenyewe hakusahau. Alimtaja maisha yake yote Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla mweusi wa magharibi ya Kentucky aliyefariki 1931, ambaye Monroe alimfuata ujanani na kupiga naye kwenye dansi. Leo IBMA ina mfuko wenye jina la Shultz wa kuwasaidia wanamuziki wasio weupe. Na Rhiannon Giddens pamoja na Justin Robinson, ambao walijifunza miguuni pa Joe Thompson, mzee mweusi mpiga fidla wa North Carolina aliyefariki 2012, walitoa Aprili 2025 albamu iitwayo What Did the Blackbird Say to the Crow. Fidla, banjo, sauti zao, basi. Waliirekodi nje, pakiwamo nyumbani kwa mzee Joe, na nyenje wanalia nyuma ya muziki. Huu si bluegrass, ni mkubwa wake kwa umri. Binti yako huenda tayari anaijua banjo ya Giddens bila kujua: ndiyo inayofungua Texas Hold 'Em ya Beyoncé.

Kuna albamu moja ambayo si mpya, lakini siwezi kumwandikia Mswahili juu ya banjo nikaiacha. Mwaka 2005 Béla Fleck, fundi mkubwa wa banjo, alibeba chombo chake akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Tanzania alikaa na ukoo wa wanamuziki wa Zawose na akapiga na Anania Ngoliga, mwanamuziki asiyeona, fundi wa ilimba, ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Albamu ilitoka 2009, na jina lake, Throw Down Your Heart, ni tafsiri ya Bagamoyo. Bwaga moyo. Wapo wanaosema ni neno la mateka waliojua wakivuka maji hawatarudi; wapo wanaosema ni la wapagazi waliofika pwani wakatua mizigo, wapumzike. Fleck alichagua maana ya kwanza. Sikiliza “Kabibi,” Ngoliga anaimba na ilimba yake, na banjo inaingia kwa adabu kama mgeni aliyepiga hodi. Wapelekee wote wawili wa kanisani.

Wala kusafiri huku si kwa upande mmoja. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya wakimwimba “Chemirocha.” Ndivyo walivyolitamka jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika mpaka vijijini kwao. Na wimbo uliompeleka Bill Monroe kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho mashuhuri la redio la Nashville, mwaka 1939 ulikuwa wa Rodgers huyo huyo. Kwa hiyo unapoisikiliza bluegrass hujipendekezi kwa mtu. Wala huna haja ya hati ya umiliki.

Nimefika kwenye masikio, ndugu yangu. Masikio yanayovuma baada ya zamu ni onyo. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na kelele za mashine huvichosha, kisha huviua. Vikifa havioti tena. Vya kwanza kuumia kwa kawaida ni vile vya sauti za juu, karibu na hezi 4,000. Huko ndiko unakokaa mng'ao wa banjo, ukwaruzo wa upinde wa fidla, na herufi kama s na f kwenye maneno. Mtu aliyeanza kupoteza eneo hilo husikia muziki wa nyuzi umevurugika au unachoma, na huongeza sauti garini ili aupate, jambo linalozidisha madhara. Siwezi kusema kwa barua kwamba ndiyo hali yako. Inawezekana kabisa masikio yako ni mazima na ulikuwa ugeni tu. Lakini kazi ya kulitambua hilo ni ya mtaalamu wa usikivu mwenye chumba cha kupimia, na nakuomba umwone mwezi huu.

Marekani sheria iko upande wako. Mahali pa kazi kelele ikifika wastani wa desibeli 85 kwa zamu ya saa 8, mwajiri anatakiwa kuwapima wafanyakazi usikivu kila mwaka bila malipo na kuwapa vizibo vya masikio. Uliza, tena uliza bila hofu. Vaa vizibo kila dakika ya zamu, na ukitoka yape masikio saa chache za ukimya kabla ya muziki wowote. Ikitokea sikio moja limeziba au limepoteza usikivu ghafla, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Matibabu ya mapema ndiyo yenye nafasi.

Na binti yako naye anahitaji mtu wa ana kwa ana. Fidla ya shuleni na fidla ya bluegrass ni chombo kimoja chenye tabia mbili: upinde unakwenda tofauti, na noti nyingi haziandikwi, zinashikwa kwa sikio. Video zitamsaidia, lakini haziwezi kuona bega lake likikakamaa wala kifundo cha mkono kikipinda vibaya. Akilalamikia maumivu au ganzi ya vidole, asiendelee kwa ujasiri. Asimame, mwalimu amwone. Kentucky hamkosi walimu wala mahali ambapo watu wanakaa duara na kupiga, na watoto hukaribishwa. Siku ya mapumziko mpeleke Owensboro, karibu saa tatu kwa gari, kwenye makumbusho ya bluegrass kando ya mto Ohio, na njiani Rosine si mbali, alikozaliwa na kuzikwa Monroe.

Kwa masikio yake mpe Tall Fiddler ya Michael Cleveland, ya mwaka 2019. Cleveland ni wa kusini mwa Indiana, ng'ambo tu ya mto kutoka Louisville. Haoni tangu kuzaliwa, na fidla yake inaruka kama cheche. Aisikilize anavyotaka. Ila akitaka kuiiga, aombe mwalimu ampunguzie kasi nusu, aanze na upinde, vidole vitafuata.